Kibodi kwa mkono mmoja: mlango upo, sisi ndio tunaoufunga

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Waliounda kompyuta nao ni kama waliongeza lao: mkono mmoja hauandiki barua. Ukitaka kunakili maneno, ushikilie Ctrl huku unabonyeza C. Ukitaka herufi kubwa, ushikilie Shift. Ukitaka kufungua kompyuta ya ofisi iliyojifunga, mara nyingi utatakiwa vitufe vitatu kwa mpigo: Ctrl, Alt na Delete. Kwa mwenye mikono miwili, hayo ni mambo ya kupepesa jicho. Kwa aliyebaki na mkono mmoja, ni kazi inayokwama kutwa nzima.

Makala haya ni ya huyo wa mkono mmoja, na ya walio karibu naye: mzazi, mwalimu, mwenye saiba na mkuu wa ofisi. Dawa nyingi za tatizo hili zimo ndani ya kompyuta yenyewe, bure, tangu zamani. Lakini ile iliyo muhimu kuliko zote ndiyo tunayoizima kila siku tukidhani ni usumbufu.

Kwa nini Homa Bay na Migori

Msomaji wa Mombasa au Lamu atauliza: mbona mfano wa Ziwa na si wa hapa kwetu? Jibu ni hesabu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi, yaani watu zaidi ya laki tisa. Kaunti ya Homa Bay ilipata asilimia 4.3, karibu mara mbili ya kiwango cha nchi, ikashika nafasi ya pili nyuma ya Embu yenye 4.4. Na wala Homa Bay si ugenini kwa Mswahili. Kendu Bay kuna jamii ya Waislamu na msikiti wa miaka mingi.

Maswali ya sensa yalihusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Hapakuwa na swali la mikono peke yake. Kwa hiyo wenye mkono mmoja wamo humo ndani ya hesabu, lakini hawaonekani.

Maisha ya kule yenyewe yanatosha kutueleza. Migori kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Nyatike, pande za Macalder, wanaofanya kazi na mawe na mashine za kusaga. Kuna mashamba ya miwa ya Awendo na kiwanda chake cha sukari. Kuna bodaboda hadi Isebania mpakani. Homa Bay kuna wavuvi wa Mbita, Rusinga na Mfangano, watu wa kamba, injini na nyavu. Hizo zote ni kazi zinazoweza kula kiganja cha mtu kwa dakika moja.

Kisha kuna selimundu, ugonjwa wa damu ulioenea zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi, yaani kando ya Ziwa Victoria na vilevile huku kwetu Kilifi. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupigwa na kiharusi angali mdogo, upande mmoja wa mwili ukadhoofika. Anakua na akili timamu na mkono mmoja wa kufanyia kazi. Hapo tatizo la Homa Bay na la Kilifi linakuwa moja.

Mtu huyo akishindwa na jembe, wavu au sururu, kazi iliyobaki ni ya mezani: kupiga chapa, kujaza fomu za watu kwenye eCitizen, kuweka hesabu za duka, ukarani. Siku hizi huduma nyingi za serikali zimo humo mtandaoni, kwa hiyo saiba ya Rongo au ya Oyugis ina wateja. Basi akifika kwenye kibodi, ambapo alitarajia mkono mmoja ungetosha, akazuiliwa na Ctrl, amefungiwa mlango wa mwisho.

Vitufe vitatu vya makusudi

Kizuizi hiki hakikuja kwa bahati mbaya tu. Kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilikuwa na njia ya kuizima na kuiwasha upya kwa vitufe vitatu, iliyobuniwa na mhandisi David Bradley. Mwanzoni alitumia Ctrl, Alt na Esc, vyote upande wa kushoto. Ikaonekana mtu anaweza kuvigusa kwa bahati mbaya akapoteza kazi yake. Esc ikaondolewa, ikawekwa Delete iliyo upande wa pili, ili lazima itumike mikono miwili. Yaani kwa wenye mikono miwili ilikuwa kinga, na hapo hapo kwa mwenye mmoja ikawa ukuta. Mwaka 2013, akizungumza Harvard, Bill Gates alikiri kwamba kuifanya hiyo kuwa njia ya kuingilia Windows lilikuwa kosa, na kwamba kitufe kimoja kingetosha.

Kulikuwa na walioliona tatizo mapema. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, kituo cha utafiti kiitwacho Trace, kilichoongozwa na Gregg Vanderheiden, kilitengeneza programu za kumwezesha mtu wa kidole kimoja kutumia kompyuta. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa AccessDOS, na ilipotoka Windows 95 mambo hayo yakawa ndani ya kila kompyuta. Tangu hapo hayajaondoka.

Kisanduku tunachokifukuza

Bonyeza Shift mara 5 mfululizo kwenye kompyuta ya Windows. Italia kidogo, kisha kitatokea kisanduku kinachouliza kama unataka kuwasha Sticky Keys. Watu wengi hukiona kwa bahati mbaya, hasa vijana wanaocheza gemu, na hukifukuza kwa hasira. Wengine huingia ndani kabisa wakakizima kisirudi tena. Hicho kisanduku ndicho mlango wenyewe.

Sticky Keys maana yake ni vitufe vinavyonata. Ukikubali, Ctrl, Shift, Alt na kile kitufe cha Windows havihitaji tena kushikiliwa. Unabonyeza Ctrl, unaachia, kompyuta inakumbuka, kisha unabonyeza C, na maneno yamenakiliwa. Ctrl, Alt, Delete unazibonyeza moja baada ya nyingine kama anayehesabu shanga. Kidole kimoja kinatosha.

Mambo manne ya kujua baada ya kuiwasha:

1. Ukibonyeza Shift au Ctrl mara 2, inajifunga na kubaki imeshikwa hadi uibonyeze tena. Hii inafaa unapotaka kuchagua mistari mingi kwa mshale: Shift mara 2, kisha mishale, kisha Shift tena kuifungua.

2. Kuna chaguo la kuizima Sticky Keys yenyewe mara mtu anapobonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kwenye saiba hili ni zuri, kwa sababu mteja anayefuata mwenye mikono miwili hatasumbuka. Kwenye kompyuta yako mwenyewe liondoe, usije ukazimiwa kwa kugusa vibaya.

3. Kama kisanduku hakitokei, kuna aliyekizima. Katika Windows 11 fungua Settings, kisha Accessibility, kisha Keyboard, na hapo utaiona Sticky keys pamoja na kiwashio cha ile njia ya Shift mara 5. Katika Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Ease of Access. Mac na Chromebook nazo zina Sticky Keys ndani ya Accessibility.

4. Usiichanganye na ndugu yake, Filter Keys. Ukiikalia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows inaweza kuwasha Filter Keys, na kibodi ikaonekana kama imekufa, haiandiki mpaka ukawie juu ya kitufe. Anayeegemeza mkono mmoja kwenye kibodi hukumbwa na hili kwa urahisi. Kibodi haijaharibika, ikalie Shift ile ile sekunde 8 nyingine.

Mkono wa kushoto, mkono wa kulia

Njia za mkato tunazozijua wengi, Ctrl na Z, X, C au V, zimekaa pamoja chini kushoto. Mwenye mkono wa kushoto peke yake anazifikia zote bila msaada: kidole kidogo kwenye Ctrl, kidole kingine kwenye herufi. Vivyo hivyo Ctrl na A ya kuchagua yote, S ya kuhifadhi, F ya kutafuta. Kwa adabu zetu za Pwani mkono wa kushoto haupewi heshima kubwa, lakini kwenye kibodi ndio uliopendelewa.

Mwenye mkono wa kulia asidhani amesahauliwa. Zipo njia za zamani ambazo bado zinafanya kazi katika Windows na programu zake nyingi, nazo ziko upande wake. Ctrl ya kulia na Insert ni kunakili. Shift ya kulia na Insert ni kubandika. Shift ya kulia na Delete ni kukata maneno. Hapa pana hadhari kubwa: Shift na Delete ni kukata ukiwa ndani ya maandishi tu. Ukiwa umechagua faili kwenye folda, hiyo hiyo hufuta faili moja kwa moja, bila kupitia pipa la taka. Mfundishe mtu yote mawili siku moja.

Na ile Ctrl, Alt, Delete? Kwenye kibodi kubwa yenye Ctrl na Alt upande wa kulia, kiganja kimoja cha kulia kinaweza kuzifikia zote tatu. Kikishindwa, Sticky Keys ipo.

Njia zisizotaka kushikilia chochote

Mtu anaweza kufanya kazi nyingi za ofisini bila hata kuwasha Sticky Keys, kwa sababu kuna vitufe vinavyobonyezwa kimoja kimoja.

Katika Word na Excel, bonyeza Alt uiachie. Herufi ndogo zitatokea juu ya kila menyu. Sasa fuata herufi moja moja: F hufungua menyu ya faili, kutoka hapo S huhifadhi. Kila kitu kilicho juu ya skrini kina herufi yake, na ukizizoea utakuwa mwepesi kuliko mwenye kukimbizana na kipanya.

F12 katika Word huhifadhi kwa jina jipya. F7 hukagua tahajia. F5 katika kivinjari hupakia ukurasa upya, na F6 hukupeleka kwenye anwani. Ukijaza fomu ya eCitizen, Tab hukusogeza kutoka nafasi moja hadi nyingine, na kitufe kirefu cha nafasi huweka alama kwenye visanduku.

F8 katika Word ni hazina isiyojulikana. Ibonyeze mara 1 uanze kuchagua, mara 2 uchague neno zima, mara 3 sentensi, mara 4 aya, mara 5 hati yote. Esc hukutoa humo. Kazi ya kushikilia Shift na kuvuta kipanya, ambayo mkono mmoja huihangaikia, inakwisha kwa kugonga kitufe kimoja.

Herufi kubwa moja? Caps Lock, herufi, Caps Lock. Kubonyeza kwa kipanya upande wa kulia? Kibodi nyingi zina kitufe cha menyu karibu na Ctrl ya kulia kinachofanya hivyo hivyo.

Kuandika kwenyewe

Darasa la kupiga chapa hufundisha mkono wa kushoto ukae juu ya A, S, D, F na wa kulia juu ya J, K, L. Mwanafunzi wa mkono mmoja asilazimishwe hivyo. Mkono wake ukae katikati, vidole juu ya F, G, H na J, na kibodi isogezwe ili katikati yake iwe mbele ya mkono huo, isiwe mbele ya kifua. Kutoka hapo kila upande ni mwendo mfupi. Mwendo hautalingana na wa mikono miwili mwanzoni, lakini mazoezi huongeza.

Windows ina pia mipangilio miwili ya herufi iliyotengenezwa kwa mkono mmoja, mmoja wa kushoto na mwingine wa kulia, iitwayo Dvorak kwa jina la profesa wa Marekani, August Dvorak. Huitaji kununua kitu. Inaongezwa kwenye sehemu ya lugha na kibodi. Shida yake ni kwamba herufi zilizochapwa juu ya vitufe hazitalingana tena na zinazotoka, na njia za mkato nazo huhama. Inamfaa mwenye kompyuta yake mwenyewe na subira. Anayefanya kazi kwenye mashine za watu abaki na kibodi ya kawaida.

Punguza pia idadi ya vitufe. Katika Word, ndani ya AutoCorrect, unaweza kuweka kifupi chako: ukiandika herufi tatu, inajitokeza anwani nzima ya ofisi ya chifu au utangulizi wa barua ya kuomba kazi. Anayeandikia watu barua zile zile kila siku ataokoa mamia ya vitufe.

Na ipo sauti. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa kusema Agosti 2017. Kwenye simu yenye Gboard unabonyeza picha ya maikrofoni, unasema, maneno yanajiandika, kisha unayatuma kwenye kompyuta kwa barua pepe ukasahihishe. Gboard hiyo hiyo ina kibodi ya mkono mmoja inayojisogeza upande wa kidole gumba: ikalie alama ya mkato, uchague picha ya mkono.

Kabla ya kununua laptopu

Usitazame bei na RAM peke yake. Tazama vitufe. Je, Ctrl iko pande zote mbili? Tangu 2024 Microsoft imehimiza kitufe kipya cha Copilot, na katika baadhi ya laptopu kimekaa pale pale palipokuwa na Ctrl ya kulia. Kwa mwenye mkono wa kulia, hiyo ni hasara. Je, Insert na Delete vina nafasi yao, au vimefichwa chini ya Fn? Kumbuka kwamba kwa kawaida Fn hainati hata Sticky Keys ikiwa imewashwa, kwa sababu hushughulikiwa na kibodi yenyewe kabla ya Windows kuiona. Laptopu nyingi zina njia ya kuifunga Fn, mara nyingi kwa Fn na Esc. Muulize muuzaji akuonyeshe kabla hujatoa pesa. Ikishindikana, kibodi ya kawaida ya kuchomeka kwa USB humaliza mjadala.

Haki ni haki, si hisani

Ibara ya 54 ya Katiba inampa mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 imefuatiwa na mpya ya 2025. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, nalo lilitoa mwaka 2022 kiwango cha KS 2952 kuhusu kompyuta na huduma za mtandao zinazofikiwa na wote. Karatasi, basi, hazipungui.

Aliyepoteza mkono ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Usajili humfungulia maombi ya vifaa kupitia mfuko wa baraza, na akiajiriwa, msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi, baada ya kuuomba na kukubaliwa. Mzazi wa mtahiniwa azungumze na mkuu wa shule mapema kuhusu muda wa ziada wa mtihani. Asingoje wiki ya mtihani wenyewe.

Lakini yapo mambo yasiyosubiri baraza wala bunge. Mwalimu wa kompyuta hahitaji bajeti kumfundisha mtoto Sticky Keys siku ya kwanza. Mkuu wa ofisi anayemfanyia mwombaji kazi jaribio la kupiga chapa hahitaji waraka kumuuliza: tukuwekee kompyuta vipi? Kumpima mtu kwa kibodi iliyofungwa, kisha kusema hajui kazi, ni dhuluma, hata kama aliyefanya hivyo hakukusudia.

Na wewe mwenye saiba, uwe Migori mjini, Homa Bay, Malindi au Likoni, kesho ukifungua pita kila mashine, ubonyeze Shift mara 5. Kisanduku kisipotokea, jua mlango umefungwa. Ufungue, kisha uandike kikaratasi ukibandike ukutani: Unatumia mkono mmoja? Bonyeza Shift mara tano.